Sura ya Kulwa kwenye Sarafu ya Uhuru

Usiku wa jana Bi Doto aliota. Ukimuuliza atakana, atakwambia alilala fofofo mpaka asubuhi, lakini aliota, na ndoto yenyewe ilikuwa hivi.

Yuko jikoni anasonga ugali. Mfuniko wa sufuria unakohoa, unasema, "Bi Doto, unaitwa kwenye kamati."

"Kamati gani tena?"

"Ya sarafu ya kumbukumbu. Ile waliyoitangaza redioni jioni, ya sherehe za uhuru. Wamefika kwenye pendekezo la mwisho na linakuhusu."

"Na ugali wangu?"

"Nitauangalia mimi."

Bi Doto si mtu wa kuamini mfuniko, lakini aliona aibu kubishana na chombo chake mwenyewe. Akatoka na mwiko mkononi. Nje ya mlango wa jiko, pale penye kamba ya kuanikia nguo siku zote, palikuwa na ukumbi mrefu, na watu wa kamati walikuwa wameshaketi.

Nasema watu kwa heshima tu. Mwenyekiti alikuwa senti kumi ya zamani, ile ya wakati wa mkoloni yenye tundu katikati, mkubwa kama gurudumu la trekta. Alipozungumza sauti ilitokea tunduni, na kupitia tundu hilo hilo ulimwona karani nyuma yake akila karanga. Jembe lilikaa mstari wa mbele, limenuna.

"Nimekataliwa," likamnong'oneza Bi Doto. "Eti siku ya sikukuu nitawakumbusha watu shamba."

Twiga yeye alikuwa amekubaliwa mpaka mabegani. Shingo aliambiwa aiache nje, na alikuwa ameomba muda wa kufikiri.

"Pendekezo la mwisho liingie," akasema Mwenyekiti.

Akaingia mtoto wa kike, miaka saba hivi, gauni la maua, kibendera cha karatasi mkononi, nywele timtim. Alitembea kiubavu, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa kwenye sarafu wanavyotembea. Bi Doto akadondosha mwiko.

"Kulwa!"

"Umechelewa, Doto," mtoto akasema bila kugeuza shingo. "Nimesimama kiubavu mpaka kichwa kinaniuma."

Hapa niwaeleze, maana Bi Doto mwenyewe alikuwa ameshikwa na kwikwi. Kulwa na Doto walikuwa mapacha, wa sura moja kabisa, mpaka mama yao alimfunga mmoja uzi mwekundu mkononi asije akamnywesha dawa yule yule mara mbili. Asubuhi ya uhuru alipita mpiga picha, akampiga Kulwa peke yake, kwa kuwa Doto alikuwa amekwenda kunywa maji. Picha yenyewe hawakuiona. Mwaka uliofuata surua iliingia nyumbani, ikamchukua Kulwa, na Doto akaambiwa mwenzake amekwenda kwa shangazi. Alingoja sana siku ya kurudi kwake. Ukweli aliujua mwenyewe baadaye; hakuna mtu aliyekaa naye chini kumwambia.

"Picha nzuri," anasema Mwenyekiti. "Mtoto, bendera, asubuhi. Kamati imeipenda. Kuna tatizo moja dogo. Kanuni, simama."

Kanuni ilikuwa imeketi kwenye kigoda mlangoni, ikiwa imeziba njia. Ikasimama. Ilikuwa fupi kuliko wengi walivyotarajia.

"Sura ya mtu aliye hai haikai kwenye sarafu," ikasema, kisha ikaketi.

"Lakini huyu alishafariki!" akasema Bi Doto.

"Mtu amefariki. Sisi tunazungumzia sura. Hii sura ni ya nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Ya Kulwa."

"Na wewe una sura ya nani?"

Bi Doto akajishika shavu. Jembe likaangalia pembeni, kwa kuwa nalo lina ndugu wengi wanaofanana.

"Tumwite shahidi," akasema Mwenyekiti.

Kioo cha chumbani kwa Bi Doto kikaingia kikichechemea, maana kina ufa chini. Hakikumtazama mwenye nyumba wake.

"Kila asubuhi bibi huyu husimama mbele yangu," kikasema. "Husema, 'Kulwa, umeamkaje?' Kisha hujifunga kilemba. Mimi sijibu. Si kazi yangu kujibu."

"Mnafiki we!" Bi Doto akakiambia. "Na mimi nakufuta kila Jumapili!"

"Nimeulizwa, bibi."

Karani akaacha karanga.

"Basi sura hii iko hai, na kamati haina budi kusubiri," akasema Mwenyekiti. Kisha, kwa upole, kama anayemuuliza mgeni anaondoka na basi la saa ngapi: "Bibi, unatarajia kufa lini?"

"Loo! Mimi sijapanga."

"Ingependeza iwe kabla ya sherehe. Mahema yameshakodiwa."

Bi Doto hakukasirika, na hilo ndilo la ajabu katika ndoto hii, kwa sababu akiwa macho hukasirika hata akipunguziwa sukari. Alimtazama Kulwa. Akauliza polepole, "Nikifa leo, mwenzangu anatoka?"

"Saa hiyo hiyo. Na wewe tunakuweka upande wa pili. Yeye mbele, wewe nyuma, kama mlivyozaliwa."

Nasema kweli, Bi Doto alitamani. Alihisi mgongo wake umeshaanza kupoa na kuwa bapa. Maisha yote alikuwa akijihisi nusu, na hapa anaambiwa atakuwa kitu kimoja na mwenzake, tena cha madini, kisichoharibika. Akapiga hatua.

"Mgongo kwa mgongo hatutaonana," akasema Kulwa. "Nimeuliza. Wa sarafu moja hawaonani hata siku moja."

"Basi niache, usitoke. Kaa huko huko nami nikae huku, tuendelee hivi hivi."

"Huko unakoniweka ni kama ndani ya kibeti, Doto. Kimefungwa. Giza tupu." Mtoto akakaza kibendera mkononi. "Mimi nataka kutumwa dukani. Mama alisema nikikua kidogo atanituma peke yangu. Sikutumwa. Sarafu zinatumwa dukani kila siku."

Bi Doto akaketi sakafuni.

"Nifanyeje?" akauliza.

"Sema kioo kinamwonyesha nani," akasema Mwenyekiti. "Ni hilo tu."

"Nikisema, nitabaki na nani?"

"Si una Shija?" akasema Kulwa. Shija ni mdogo wao, aliyezaliwa baada ya mapacha, na ndiye anayeishi na Bi Doto hadi leo.

"Shija anakoroma!"

"Lakini yupo."

Kioo kikasogea kwa adabu, kikajiinamisha. Bi Doto anatazama. Anaona mashavu yaliyoshuka, pengo la mbele, nyusi nyeupe. Anatazama tena, akitafuta mtoto wa miaka saba mle ndani kama alivyomtafuta kila asubuhi. Hayumo.

"Huyu ni Doto," akasema, na machozi yakamtoka. "Ni mzee huyu. Amezeeka peke yake. Kulwa hakuzeeka. Kulwa alikufa kwa surua, na hawakuniambia, na nimemwonea uchungu mpaka leo."

Upepo ukapita kwenye tundu la Mwenyekiti, ukapiga mluzi. Kanuni ikainuka, ikachukua kigoda chake, ikapisha njia.

"Imepita," akasema Mwenyekiti. "Agongwe."

Mashine ya kugongea sarafu ikafungua mdomo, ikamtazama Kulwa, ikaufunga. "Si na nywele hizo," ikasema. "Zitaniingia kwenye meno."

Sasa si ukumbi tena. Ni uani kwao, jua la asubuhi, Bi Doto amekaa kwenye kinu kilicholazwa na Kulwa ameketi chini, katikati ya magoti yake. Anampaka mafuta ya nazi, anamsuka twende kilioni, mistari yote ikielekea kisogoni.

"Unanivuta!"

"Tulia basi. Kichwa chako kigumu tangu zamani."

"Na chako."

Alisuka polepole kuliko inavyohitajika. Kamati nzima ilisubiri ukutani, hata twiga. Alipomaliza msuko wa mwisho akauficha ncha, akampulizia shingoni kuondoa vinywele, na Kulwa akacheka kwa mtekenyo. Kisha mtoto akajisimamisha kiubavu ndani ya mashine, na mashine ikagonga mara moja.

Sarafu ikatoka ikiwa ya moto bado, ikasimama kwa ukingo mbele ya Bi Doto, ikingoja. Bi Doto akajua inangoja nini. Akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akakaza sauti kama ya mama yao.

"Haya, nenda dukani ukalete chumvi. Usicheze njiani."

"Na chenji?"

"Chenji yako."

Ikabingirika, ikavuka uani, ikapita mlangoni bila kugeuka nyuma, kama mtoto yeyote aliyetumwa kwa mara ya kwanza.

"Dada! Shikamoo! Chai inapoa!"

Ni Shija, anagonga mlango. Bi Doto akafumbua macho. Palikuwa pamekucha.

"Marahaba," akajibu, na sauti ikamtoka nzito.

Akainua mkono ajifute uso, akanusa mafuta ya nazi. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na unywele mmoja umejiviringa, mfupi, laini, mweusi tii. Shija ana kipara tangu apate kazi, na kichwa cha Bi Doto chote ni cheupe kama pamba. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile.

Shija akaingia na kikombe, akavaa miwani, akauinamia ule unywele.

"Wa mtoto huu," akasema. "Alikuwa hapa nani?"

Bi Doto alikuwa ametega sikio upande wa mlango wa nje, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na anaona anachelewa.