Pesa ya Mtu wa Pili

Mumewe alikuwa anaitwa Mizani, na jina hilo hakulipata bure. Tangu ujana hadi kustaafu alikaa katika kibanda cha kupimia malori, na hakuna dereva aliyewahi kumpita na gunia la ziada, si kwa tabasamu wala kwa soda baridi. Hata sokoni wauza nyanya walipomwona anakuja walianza kupanga mafungu yao upya. Mkewe, fundi cherehani, alishamzoea. Yeye akiona ugomvi wa bei unaanza, husogea pembeni akajifanya anatazama vitambaa mpaka vita viishe.

Sasa hata vitambaa vyenyewe havioni. Mtoto wa jicho alimwingia taratibu, kwanza kushoto, halafu kulia, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba yake mwenyewe moja moja. Alianza kwa kuomba watu wamtungie uzi kwenye sindano. Kisha siku moja akaunga mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia. Mteja aliipokea nguo yake kwa adabu, akalipa, akashukuru, wala hakurudi tena. Fundi alikaa mbele ya cherehani yake jioni ile bila kukanyaga pedali, na mumewe akasema, "Basi. Tunakwenda."

Kwenda kwenyewe ni nchi ya jirani, ambako binti yao alikuwa amesikia kuna hospitali wanakosafisha macho vizuri. Lugha ya huko ilikuwa ileile, ila wenyeji waliivuta mwishoni kama wanaoimba, na ukifungua kinywa tu wanajua wewe wa kuja. Na wa kuja, kila mahali, ana bei yake. Teksi ya uwanja wa ndege iliongeza pesa ya maegesho baada ya safari kwisha. Kwenye nyumba ya wageni soda ilikuwa na bei moja kwa yule wa chumba cha pili na bei nyingine kwao. Mizani alilipa akiguna. Asubuhi ya upasuaji alipokuwa anafunga viatu, fundi alimsikia akinong'ona, "Wa tatu hanipati."

Upasuaji wa jicho la kulia haukuchukua muda. Alipotolewa alikuwa na kifuniko cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta, na nesi, mama mmoja wa sauti ya kukata maneno, akawasomea amri kama hakimu: asiiname, asibebe, asilie, asicheke sana, asikae vumbini. Na dawa ya matone asikose hata mara moja. Muda wa dawa ukifika, kifuniko kinyanyuliwe, tone liingie, kifuniko kirudi.

"Na asigombane na mtu," nesi akamalizia.

"Huyo hagombani," alisema Mizani. "Mimi ndiye."

Matone, vidonge na pamba vikatiwa kwenye mkoba mdogo. Getini wakapata teksi, wakapatana bei, wakaingia. Fundi aliegemeza kichwa. Kwa jicho la kushoto aliona mwanga tu na vivuli vikipita. Dereva alikuwa mchangamfu, anauliza mmetoka wapi, nyumba gani ya wageni, mama anaendeleaje. Walipofika katikati ya safari, akakohoa kidogo.

"Mzee, ile bei tuliyosema ni ya safari yenyewe. Kuna pesa ya geti pale hospitali. Halafu na ya mtu wa pili, na ya mzigo."

Fundi alihisi kiti kinatikisika, mumewe alivyojivuta mbele.

"Mzigo gani?"

"Huo mkoba wa mama."

"Dawa ya macho ni mzigo? Ina uzito gani? Niambie, mimi ndiyo kazi yangu!"

"Mzee, mimi sikuweka utaratibu."

"Na mtu wa pili! Ulitaka mgonjwa wa macho aje hospitali peke yake, aongozwe na ukuta?"

"Mgeni njoo mwenyeji apone, mzee wangu," dereva akasema, akicheka, akidhani utani utapoza mambo.

Haukupoza. "Simamisha gari!"

"Baba watoto," fundi alisema, "tufike kwanza."

"Simamisha!"

Gari likasimama. Mizani akatupa nusu ya bei kwenye kiti cha mbele, akamshika mkewe mkono na kumtoa nje. Mlango ukabamizwa, na teksi ikaondoka na hasira zake.

"Si mbali," alisema Mizani. "Nimeiona ile barabara asubuhi. Kona mbili tu."

Kona mbili zikazaa nyingine. Jua lilikuwa utosini. Fundi alishika mkono wa shati la mumewe, anakanyaga bila kujua anakanyaga nini, mara kokoto, mara ukingo wa mtaro, huku malori yakipita na kumwagia vumbi ambalo nesi alilikataza. Alijifunika uso kwa mtandio wake. Mumewe aliuliza njia kwa mtu mmoja, kisha kwa mwingine, na kila mmoja akaelekeza kwake. Mwishowe walipita mbele ya duka la kuchonga funguo, fundi akasikia mashine inakereza chuma, baada ya muda wakapita tena mbele ya chuma kilekile. Hapo akaachia shati.

"Mimi nakaa."

Akapapasa ukingo wa baraza la duka lile, akaketi. Jicho lilikuwa limeanza kuwasha chini ya kifuniko. "Nadhani muda wa dawa umefika. Nipe mkoba."

"Mkoba si unao wewe?"

"Ulisema utaubeba wewe. Mimi nimekatazwa kubeba."

Mashine ya funguo ilinyamaza. Mkewe hakuhitaji macho kujua sura aliyokuwa nayo Mizani. Mkoba ulikuwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na teksi ilikuwa imekwenda zake.

Fundi hakuwa mtu wa maneno makali. Miaka yote ya ndoa hasira zake alizimalizia kwenye cherehani, akikanyaga pedali mpaka zipoe. Lakini hapa hapakuwa na cherehani.

"Umemshinda dereva," alisema. "Haya. Sasa chukua ushindi wako unitilie jichoni."

Alimsikia anaondoka mbio kwenda barabarani. Kisha akaisikia sauti yake kwa mbali, akisimamisha gari baada ya gari. "Samahani, ndugu yangu, samahani, kuna mkoba..." Sauti yenyewe hakuijua. Mumewe alikuwa na sauti ya kuamuru lori lirudi nyuma. Hii ilikuwa ya mtu anayeomba maji mlangoni kwa watu. Mchonga funguo akatoka na kiti cha plastiki, akamwekea fundi kivulini bila kuuliza lolote, akarudi kazini.

Mizani aliporudi aliketi chini, kwenye baraza, karibu na magoti yake. Alikuwa anahema.

"Teksi zote zinafanana," alisema.

Mkewe alirekebisha mtandio usoni.

"Ulipoingizwa mle ndani," akaendelea, "walinifungia mlango. Nikakaa kwenye benchi. Kila nesi akitoka nasimama, naye ananipita kama vile mimi ni meza. Nikawa najiambia, jicho likiharibika, ni mimi niliyesema tunakwenda. Wewe ulikuwa hutaki hata kupanda ndege."

"Ni kweli sikutaka."

"Mle ndani sikuwa na la kufanya, mama watoto. Nisingeweza hata kuuliza swali la maana. Huyu dereva alipoanza na mzigo, na mtu wa pili..." Akakata maneno. "Hilo angalau nalielewa."

Fundi alinyoosha mkono, ukakutana na bega lake. Hasira ilikuwepo bado, jicho nalo liliwasha bado. Lakini alielewa kwamba tangu watoke nyumbani, katika kila funda la soda na kila senti ya maegesho, mtu huyu alikuwa anapigana na kitu kingine kabisa, na kwa kuwa kile kikubwa hakukiweza, alikamata kidogo kilicho karibu.

"Tutarudi hospitali," alisema. "Watatupa dawa nyingine. Nipumzike kwanza."

Ndipo honi ikalia, ndefu, isiyo na adabu.

"Mama wa jicho! Mama wa jicho!"

Dereva alishuka gari likiwa bado linanguruma, mkoba mkononi kauinua juu kama aliyevua samaki. Alikuwa ameuona alipopata abiria mwingine. Alikwenda nao mpaka nyumba ya wageni, akaambiwa hawajafika, akajua wamepotea. Tangu hapo anazunguka mitaa, akiuliza watu kama wamemwona mzee mkali na mama mwenye kifuniko.

"Wote walikukumbuka wewe, mzee," alisema. "Mama hakuna aliyemtaja."

Mizani aliupokea mkoba kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa tabu, "Ahsante, kijana wangu."

Walimkalisha fundi kwenye kiti cha mbele, mlango wazi. Dereva akatoa maji ya chupa, akammiminia Mizani akanawa mikono. Kifuniko kikanyanyuliwa.

"Tazama juu," alisema mumewe.

Akatazama juu. Mwanzoni ulikuwa mwanga mtupu, mkali, kama mtu kafungua mlango ghafla. Kisha tone likaingia, baridi, akapepesa, akapepesa tena, na rangi zikaanza kurudi mahali pake. Bluu, kumbe ni shati. Kisha vifungo, na kimoja kimekosea tundu lake, shati zima limekwenda upande. Kisha ndevu ambazo hazikunyolewa siku hizo zote, nyeupe tupu. Mara ya mwisho alipoziona vizuri zilikuwa zimechanganyika. Na macho mekundu, karibu sana, yanamkagua kwa woga.

"Vipi?" aliuliza Mizani. "Linauma?"

"Umezeeka," alisema mkewe.

"Nini?"

"Hukuniambia kama umezeeka."

Dereva aligeuka akatazama upande wa pili, akajishughulisha na kioo cha gari. Mizani alirudisha kifuniko, akabonyeza plasta kwa kidole gumba, polepole, kila ncha, kisha akapiga chafya ya mtu asiyetaka kuonekana analia.

Gari likaanza kwenda.

"Niambie ukweli," alisema Mizani kutoka nyuma, sauti yake ikirudi nyumbani. "Zile pesa."

Dereva alijikuna kisogo. "Ya geti ni kweli. Chama chetu kinanikata kila nikitoka pale na abiria, hata leo nilishakatwa. Ya mtu wa pili... tunawatoza wageni. Wenyeji hawakubali."

"Na ya mzigo?"

"Ya mzigo niliitunga palepale njiani. Niliuona mkoba, wazo likanijia."

Fundi alicheka. Alijiziba kinywa akikumbuka nesi, na kujiziba ndiko kulikozidisha, mpaka akashika kifuniko kwa mkono mmoja na mbavu kwa mwingine. "Jamani, msinichekeshe, nimekatazwa."

"Haya, ya geti nitalipa," alisema Mizani. "Na mafuta ya kutuzungukia, nayo haki yako. Lakini ya mtu wa pili, hapana. Hata nizikwe huku."

"Mzee, hata nusu?"

"Hata robo."

"Ya mtu wa pili nalipa mimi," alisema fundi, akifungua pochi yake kwa kupapasa. "Mtu wa pili ni wangu. Acheni kelele."

Dereva alizipokea. Fundi alipenda kwamba alizipokea. Angezikataa, ingekuwa sadaka, naye hakutaka sadaka ya mtu.

Kuanzia hapo dereva huyo ndiye aliyewapeleka kila mahali. Asubuhi iliyofuata daktari aliangalia jicho, akasema limetulia, akawapangia tarehe ya kurudi kwa ajili ya la pili. Kila safari Mizani alipatana bei kabla ya kukanyaga ndani ya gari, akihoji nyongeza moja moja, naye dereva akajifunza kuzitaja zote mapema, hata zile ambazo hakuwa na uhakika nazo. Mara moja moja Mizani alipunguziwa. Mara nyingine dereva aliondoka na kidogo kuliko haki, mara nyingine na zaidi, na hakuna aliyefuatilia sana.

Siku ya kurudi nyumbani fundi aliomba akae mbele. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa, amevaa miwani myeusi ya hospitali, na anaishusha puani kila mara ili achungulie juu yake. Alisoma mabango kwa sauti. Gundi ya mbao. Tunakodisha viti na maturubai. Mlango wa bucha uliopakwa rangi ya kijani ambayo, kwa maoni yake, ingefaa gauni la mtu mweusi kama yeye. Alipogeuka kumwonyesha mumewe, alimkuta amelala. Kichwa kimeegemea kioo, kinywa wazi, mikono imekumbatia mkoba wa dawa kifuani. Tangu watoke kwao hakumwona amelala namna ile. Usiku kila alipoamka alimkuta macho, anasikiliza anavyopumua.

Akapunguza sauti. Dereva naye akapunguza redio mpaka ikazimika.

Wakaenda hivyo. Baada ya muda fundi aliona ukuta mrefu uliochorwa matairi, na baada ya muda tena, ukuta mrefu uliochorwa matairi.

"Hapa tumepita," alisema kwa kunong'ona.

"Tumepita, mama. Ndege yenu bado, na uwanja pale karibu." Dereva alitupa jicho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. "Tukisimama ataamka."

Fundi alimtazama kijana yule kutoka pembeni, kwa mara ya kwanza vizuri. Alikuwa na kovu dogo kidevuni na kola iliyochakaa, iliyohitaji kugeuzwa upande wa pili. Mishono ya mtu asiyejua kazi. Alitaka kumwambia aifumue aipindue, bado kitambaa kilikuwa kizima. Badala yake alirudisha miwani, akaegemea kiti, na gari likakata kona kushoto, taratibu, likaanza mzunguko mwingine.