Nyumba Isiyo na Kizingiti

Fundi cherehani alikuwa ametafuta nyumba mpaka soli za viatu zikaisha, na kila nyumba ilimshinda mlangoni. Ngazi, ngazi, ngazi tupu. Mama yake amepooza upande mmoja na anatembelea kiti cha magurudumu, na hapo walipopanga ni ghorofani. Kila safari ya hospitali, mume wa fundi alimbeba mama mkwe wake mgongoni huku bibi wa watu amefumba macho kwa aibu. Mkwe kubebwa na mkwe! Hata kama ni ugonjwa, jamani, heshima nayo ina kilio chake.

Kwa hiyo ilipopatikana hii nyumba ya chini inayouzwa, waliona Mungu amewakumbuka. Ilikuwa na kasoro moja tu, kizingiti cha saruji mlangoni kinachofika magotini. Fundi akamwomba mwenye nyumba, kwa adabu zote, kama angeweza kukivunja. Mzee yule hakubisha hata kidogo. Walipoitwa tena, mlango ulikuwa sawa na barabara, saruji mpya imelainishwa, na magurudumu yakapita bila kukwama. Fundi alishukuru mpaka koo likamkauka.

Siku ya kuweka saini ilifika. Lakini kitu kilimkera fundi tangu njiani. Mtaa ule uliteremka, ukateremka tena, na mume wake alikishikilia kiti njia nzima kisije kikakimbia na mama. Akawaza moyoni: kiti kinakokwenda chenyewe, na maji si yatakwenda huko huko? Basi, wakati wanamngoja shahidi wa muuzaji sebuleni, akaaga kwamba anakwenda kusalimia majirani. Mume wake alimkata jicho. Usiku uliopita alishamwambia kuwa nyumba ikishapendwa haichokonolewi. Naye alishamjibu kuwa kuuliza si ujinga.

Alianzia dukani. Muuza duka alicheka, akasema maji gani hayo, hapa hata ya bomba ni ya kuota ndotoni. Kinyozi naye akasema mvua ni ya Mungu, inanyesha kote, kisha akageukia kichwa cha mteja wake ambacho kilikuwa kimeshanyolewa kikaisha. Wote wacheshi, wote wakarimu, na hakuna aliyemtazama usoni. Fundi alianza kuogopa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha watu wanaocheka ni kibaya zaidi.

Ndipo alipoitazama milango. Mlango huu una kizingiti. Ule una kizingiti. Vyote vya saruji, vyote vya magotini, mtaa mzima, isipokuwa mlango mmoja tu.

Nyumba ya pili, jirani alikuwa akianika nguo, mwanamke mtu mzima mwenye kanga kiunoni. Fundi akamwamkia, kisha akauliza hivi vizingiti ni vya nini. Ni vya kuzuia kuku, jirani alijibu. Kuku wenyewe hawakuonekana hata unyoya. Jirani akauliza nani atakaa pale, na fundi akamweleza habari za mama yake, kupooza na kiti na yote.

Jirani aliacha kuanika. Shuka ilikuwa bado mikononi, ikichuruzika miguuni pake.

"Hatembei kabisa?"

"Hatembei, mama."

Yule mama akatazama kulia na kushoto. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nusu ya mtaa inatafuta wanunuzi, yeye mwenyewe akiwamo, na wote wamekubaliana midomo ifungwe. Asije akamtaja. Kisha akaweka kiganja kifuani pake.

"Mvua kubwa ikija, vizingiti vinatupa muda wa kukimbia tu. Maji yakivuka, yanafika hapa. Na mimi hapa nimesimama, mwanangu."

Fundi hakuaga. Alirudi mbio, na mawazo yote yalikuwa kwenye kile chumba cha nyuma walichokwisha kumchagulia mama, kitanda chake kifupi, na mama kitandani usiku akisikia maji yanaingia. Alimkuta shahidi amefika na mume wake ameshika kalamu. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Mzee, maji yanaingia humu?"

Mwenye nyumba hakukana. Alimtazama kwa hasira ya mtu aliyefumaniwa. "Nani aliniomba nivunje? Si wewe? Na ulinishukuru." Fundi aliona aibu, kisha akaona ghadhabu, vyote kwa pamoja. Mzee akalainisha sauti, akasema jambo dogo hilo, saruji ipo, atakijenga upya hata leo. Mume wake akamgeukia fundi kwa matumaini, kwamba basi yamekwisha.

Aliyejibu ni mama. Tangu waingie alikuwa kimya, na watu walishaanza kumsahau, kama wanavyosahauliwa wagonjwa.

"Kikijengwa, sitoki. Kisipojengwa, sitoki." Sauti yake ilikuwa nzito upande mmoja. "Twendeni zetu."

Akageuza kiti mwenyewe, kwa mkono wake mzima na mguu wake mzima, akavuka mlango bila msaada wa mtu. Nje, mteremko ukamkatalia. Gurudumu lilipanda kidogo, likarudi. Akasukuma tena, likarudi tena. Fundi na mume wake wakatoka mbio, na mume akawa ameshanyoosha mikono kushika vishikio.

"Msinishike," mama alisema bila kugeuka. "Ngojeni kwanza nichoke."

Wakasimama nyuma yake, mtu na mkewe, wakingoja achoke.