Pasipoti Ndani ya Bitana

Kwa siku tisa mfululizo, kila walipofunga kibanda cha kushonea, Kitinda alimpitisha mama yake katikati ya viti viwili. Viti ndivyo vilivyokuwa mlango wa mashine ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Beseni la kulowekea nguo ndilo lililokuwa trei. Mama alivua viatu akavitia ndani ya beseni, akavua saa, akavua mkanda, kisha akapita mikono juu kama mtu aliyefumaniwa, na Kitinda, ambaye jioni hizo alikuwa askari, akamrudisha.

"Umesahau hereni, mama."

"Hereni hizi hazijatoka masikioni tangu nimzae dada yako."

"Basi zitatoka. Mashine haijui umezaa lini."

"Huna dogo wewe," mama alisema, akazivua.

Dada alikuwa mtoto wa kwanza na Kitinda wa mwisho, ndiyo maana ya jina lake. Katikati yao hakukuwa na mtu. Dada aliolewa nchi ya mbali, na huko alishapoteza mimba mbili, zote kubwa, zote zikiwa zimebakiza wiki chache. Hii ya tatu daktari hakutaka kuingoja. Alishasema atampasua Alhamisi saa tatu asubuhi. Mume wake alikuwa dereva wa malori, na wiki hiyo alikuwa amekwama mpakani mwa nchi ya tatu na bidhaa za watu. Dada hakuomba kitu kingine chochote. Alisema tu kwenye simu, "Nikifumbua macho nataka nimwone mama." Ndege ya kwenda huko iliruka mara mbili kwa wiki. Ukiikosa ya Jumatano, unangoja ya Jumamosi.

Mambo yote ya uwanjani Dada aliyaeleza mwenyewe, na Kitinda, aliyeishia darasa la saba lakini mwandiko wake ukisomeka kuliko wa mwalimu, aliyaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Wafike masaa matatu kabla. Wasibebe chenye ncha wala makali. Maji yaishie nje. Mama akiulizwa, ajibu alichoulizwa tu, asianze kusimulia.

Asubuhi ya safari Kitinda alipekua mkoba wa mkononi, kisha akalifungua begi kubwa akalipekua mpaka kwenye pembe. Ndani mlikuwa na nguo za mama na vipande vitatu vya kitambaa laini, vyeupe, bado havijaguswa. Mara mbili mama alishona vinguo vya mtoto mapema, na mara mbili alivikunja akavirudisha sandukuni. Safari hii alikula kiapo: hatakata kitambaa mpaka amsikie mtoto analia. Kwa hiyo alikuwa amefunga pia mkasi wake mkubwa, viwembe, sindano na kikopo cha pini. Kitinda alivitoa vyote akavipanga juu ya cherehani.

"Na huko nitakata kwa meno?"

"Dada hatakosa mkasi."

"Mkasi wa kukatia karatasi," mama alisema. Lakini hakubisha zaidi.

Ndege ilikuwa ya saa tisa. Walikubaliana na jirani yao mwenye teksi awapitie saa tano. Jirani huyo aliitwa Chapchap, jina alilojipa mwenyewe, na alitokea saa sita kasoro robo, kijiti cha meno mdomoni, hana hili wala lile.

"Ndege ya saa tisa mnakwenda kufanya nini sasa hivi? Kuifagilia njia?" aliuliza akipakia begi. "Mimi nimepeleka watu uwanjani miaka kumi na miwili. Hawa jamaa wakisema masaa matatu wana maana ya saa moja. Hakuna abiria wangu aliyewahi kuachwa."

"Unajuaje?" Kitinda alimuuliza. "Si ukishawashusha unaondoka?"

Chapchap alikihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo, akawasha gari.

Njiani wakapanga foleni ya mafuta. Kitinda aliitazama saa ya kwenye dashibodi kila dakika ilipobadilika. Mama alikaa nyuma, wima, amevaa koti zito alilojishonea kwa ajili ya baridi ya huko, jasho likimtiririka shingoni. Alikataa kulivua.

"Pasipoti unayo, mama?"

Mama alijigonga kifua upande wa kushoto. "Ipo. Hata mwizi wa kuzaliwa haifikii."

Kitinda aliuona uzi wa kile kifuko kidogo alichomvalisha shingoni, akaridhika. Ndilo jambo pekee ambalo asubuhi ile hakulihakikisha kwa mkono wake.

Walifika saa saba na dakika ishirini. Mlangoni palikuwa na foleni fupi na askari aliyesimama na kalamu sikioni. Aliyekuwa na safari aliingia; msindikizaji aliishia kwenye kioo kirefu kilichozunguka jengo. Zamu yao ilipofika askari alisema, "Tiketi na pasipoti."

Mama alitoa tiketi kwenye kifuko cha shingoni. Kisha akalifungua koti vifungo vyote, akamgeuzia askari upande wa ndani, bitana ya rangi ya maziwa, laini, haina mfuko wala alama.

"Imo humu," alisema kwa adabu. "Nimeishonea."

Askari aliitazama bitana, akamtazama mama. "Umeishonea."

"Juzi. Mshono wa kificho."

Miaka mingi nyuma mama alikwapuliwa mkoba sokoni, na tangu siku hiyo hakuamini mfuko wowote wenye mdomo. Kila kitu cha thamani alikishonea mahali: kwenye mto, kwenye pindo, kwenye pazia. Kitinda alilijua hilo tangu utotoni. Alilijua kiasi kwamba hakulifikiria.

"Mama yangu, siwezi kumwingiza mtu kwa kuambiwa imo," askari alisema. "Nendeni pale kwenye benchi mfumue. Na mfanye haraka, kaunta ya ndege hiyo inafungwa saa nane kamili."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

Waliketi. Mama alilitandaza koti magotini, akatafuta kwa kidole ulipopita mshono, na bila kutazama akanyoosha mkono wa kulia kama afanyavyo kibandani. "Lete kiwembe."

Mkono ukabaki hewani.

"Nimevitoa, mama. Vyote."

"Hata kile kidogo?"

"Hata kile kidogo."

Askari, aliyekuwa akisikia, alitikisa kichwa. "Kwani mmetoa na vya kwenye begi kubwa? Mkasi kwenye mzigo wa kupakia hauna neno. Ni kwenye mkoba wa mkononi ndio hawataki."

Kitinda alitamani mama amfokee, lakini mama alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa na kuanza kuukwaruza mshono kwa ukucha. Ukucha haukufua dafu. Mishono ya mama ilikuwa na sifa mtaa mzima. Wateja walisema nguo yake utaigawa vitambaa vya deki na mshono bado umeshika. Juu ya hayo, hii aliishona kwa uzi mara mbili, uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa.

Chapchap alijaribu ufunguo wa gari. Kisha akakitoa kijiti mdomoni, akakifuta kwenye suruali, akakileta.

"Kaa nacho," mama alimwambia.

"Nasaidia tu, mama."

"Ungesaidia saa tano."

Kitinda alipiga magoti sakafuni, akalivuta koti usoni, akauma. Nta ikamjaa ulimini. Uzi ulimkata mdomo, naye akauma tena.

"Usivute hivyo, utachana kitambaa."

"Acha kichanike, mama."

Mama alimsogezea mkono wa koti. Kisha akasema taratibu, kama anatoa siri ya nyumba, "Fundo nimelificha kwapani. Anzia huko."

Alianzia huko. Fundo la kwanza liliachia, la pili likagoma, la tatu likakatika pamoja na kipande cha bitana. Kitinda aliingiza vidole, akagusa kitu kigumu, akakivuta nje. Ilikuwa pasipoti ndani ya mfuko wa nailoni, na nailoni nayo ilikuwa imeshonwa pande zote nne. Aliipasua kwa meno. Watu wa foleni waliwapisha mbele pasipo kuombwa. Askari alifungua pasipoti, akaangalia picha, akaangalia mama, akasogea pembeni. Saa nane kasoro robo.

Hawakuagana. Mama alikwishapita, na Kitinda akajikuta na maneno yote aliyoyatunza kwa siku tisa, hana wa kumpa.

Alikimbilia kwenye kioo. Ndani, mama alivua viatu akavitia kwenye trei. Akavua saa, mkanda, hereni. Akaliweka koti. Alifanya kila kitu kwa mpangilio, bila kuulizwa, akapita mikono juu, mgongo umenyooka, na taa juu ya mlango ikawaka nyekundu. Wakamrudisha. Akapita tena. Nyekundu. Kutoka pale alipokuwa, Kitinda aliona mama akijipapasa masikio, akijipapasa kiuno, akionesha mikono mitupu. Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika. Hakuisikia, lakini aliziona nyuso.

Askari wa kike alikuja na kile kifimbo cha kupekulia. Akakipitisha miguuni, kiunoni, mgongoni, kisha kwenye kola ya gauni, na hapo kikasimama.

Pini. Kitinda aligonga kioo kwa kiganja, akijishika kola yake mwenyewe. Mama akimpima mteja huchomeka pini kwenye kola yake mwenyewe ili zisimpotee, na zikishazoea pale hazihisi. Kitinda alipekua begi, akapekua mkoba, akasahau kumpekua fundi.

Mama alitoa pini moja. Akajipapasa, akatoa ya pili. Askari wa kike alikinga kiganja kama anapokea dawa. Ya tatu ilitoka nyuma ya shingo. Akapita tena, taa ikawaka kijani.

Saa nane kasoro dakika nne. Mama alikimbia pekupeku, viatu mkono mmoja, begi mkono mwingine, mkoba na koti begani, bitana ikining'inia nje kama ulimi. Alikata kona nyuma ya nguzo nene na Kitinda hakumwona tena.

Simu ikalia. Dada.

"Ameshapanda?"

"Ameingia ndani."

"Ndani ya ndege?"

"Ndani ya jengo, dada."

Kitinda alisikia magurudumu ya kitanda cha hospitali yakipita mahali fulani.

"Kitinda, usinifiche."

"Sikufichi. Simwoni. Kuna nguzo."

"Hii ndege ikiondoka bila yeye..." Dada hakumaliza. Simu ilibaki wazi.

Saa nane ilifika, ikapita. Mwanga juu ya kaunta ya mwisho ulizimwa; hilo Kitinda aliliona hata na nguzo. Chapchap alikuja kusimama karibu yake, mikono mfukoni.

Kilichotokeza kwanza nyuma ya nguzo kilikuwa begi. Begi kubwa la mama, lenye kamba nyekundu aliyolifungia Kitinda mwenyewe. Akaegemea kioo, akaiweka simu kifuani ili Dada asisikie, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

Lakini nyuma ya begi hapakuwa na mama. Aliyelikokota alikuwa yule askari wa kike. Alitoka mpaka nje, akaangaza macho, akamfuata yule mwenye mdomo unaovuja damu.

"Wewe ndiye mtoto wa fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mzigo umechelewa. Mama yako hajachelewa. Wamemkubalia apite na mkoba tu." Akampa karatasi iliyokunjwa, ndani yake pini tatu. "Kasema hizi ni za kazi, zisitupwe. Na vile vitambaa kasema usivikate mpaka upigiwe simu. Sijui vitambaa gani."

"Mimi najua," Kitinda alisema. Kisha akaipandisha simu sikioni. "Dada. Amepita."

Dada alilia. Kitinda alimwacha alie.

Alhamisi alifungua kibanda mapema kuliko siku zote. Alivitandaza vile vitambaa vitatu mezani, akauweka mkasi mkubwa kando, na simu kando ya mkasi. Saa tatu ilipita. Saa nne mteja alikuja kuulizia sketi, akajibiwa ndiyo, akaulizia tena, akajibiwa ndiyo ileile, akaondoka bila sketi. Saa tano Kitinda alitia uzi kwenye sindano akautoa, akautia akautoa. Dada alisema kazi ya daktari haizidi saa moja. Alijaribu kuyakumbuka maneno hayo kama yalivyosemwa, asiyatie chumvi wala kuyapunguza. Saa tano na nusu alivikunja vitambaa. Baadaye akavikunjua, kwa sababu kukunja ndivyo mama alivyofanya zile mara mbili.

Simu ililia saa sita na dakika kumi.

"Huku baridi inapita ndani ya mfupa," ilikuwa sauti ya mama, imekwaruza, imechoka, "na hili koti ulivyolichana halinifai kitu. Nimekaa nalo mlangoni tangu alfajiri. Walichelewa kuanza, mwanangu, damu ilimpungua, hawakuniambia neno, mpaka sasa hivi ndio dada yako kafumbua macho kaniona, na..."

Nyuma ya sauti yake, karibu kabisa na simu, kitu kidogo kilikuwa kinalia kwa hasira.

Kitinda alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wa kulia, bila kutazama, kuutafuta mkasi.