Dakika ya Nne

Makosa ni yangu, nisisingizie simu. Binamu yangu Kisilu, yule mpiga gitaa wa Kitui, alinitumia wimbo wake mpya Jumatatu asubuhi, nimsikilizie. "Usipee mtu. Uzinduzi ni Jumamosi," akaandika. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa kulipia studio, na alitegemea kununua mwingine akiuza nyimbo kwa flashi siku hiyo.

Nilitulia vizuri mpaka dakika ya nne. Mnajua wanamuziki wetu, gitaa ikichanganya wanaanza kutaja watu. Nikasikia: Mutunga wa Nyamai, mtu wa diploma, havui tai hata akichunga mbuzi. Mimi huyo. Mtu hajawahi kunitaja popote, hata kwa matangazo ya vifo. Kidole kikaenda chenyewe kwa grupu ya ukoo, watu mia mbili na kumi. "Sikilizeni dakika ya nne," nikaandika.

Nilishtuka nikiwa kwa chai. Nikafuta, lakini wapi. Dada yangu Syokau alikuwa ashaweka wimbo kwa spika ya duka lake Sultan Hamud. Mwanawe Ben, dereva wa lori, akaandika kutoka Mtito Andei: "Ankol, madereva wote huku wameipenda. Nimewarushia."

"Ben, hiyo wimbo si yako."

"Kwani ilikuwa yako?"

Hapo alinishika pabaya. Mamake akaingia: "Mutunga, wacha kelele. Tunasaidia Kisilu ajulikane."

"Kwa duka lako mbona hupeani sukari watu wakujue?"

"Sukari nikikupea, kwangu imeisha. Wimbo nikikupea, bado niko nao. Diploma haikufunza hiyo?"

"Sawa. Basi mwambie Kisilu akamue huo wimbo."

Nilidhani nimemmaliza. Kumbe shangazi yetu Ndinda alikuwa anasikiliza wimbo wakati sisi tunabishana. "Mbona mimi sikutajwa?" akauliza. Basi kesi ikaisha hapo. Ukoo mzima ukaanza kuhesabu nani ametajwa na nani ameachwa, na walioachwa wakasema Jumamosi hawakanyagi. Waliotajwa nao wakasema waende kufanya nini, na wimbo tayari wanao.

Jioni Kisilu akanipigia. Hakunitusi, na heri angenitusi. "Mutunga," akasema, "sasa Jumamosi nizindue nini?" Nikaleta mzaha wa tai na mbuzi. Akakata simu.

Nikarudi kwa grupu, nikaandika polepole, bila mzaha: "Watu wetu, Jumamosi saa nane, ukumbi ulio nyuma ya soko Kitui. Aliyetajwa na aliyeachwa, kila mtu anunue flashi moja, hata kama wimbo ako nao. Ng'ombe wa Kisilu alikuwa anakamuliwa maziwa ya watoto. Tafadhali, anayekuja aandike jina lake hapa chini."

Wamesoma watu mia mbili na sita. Jina, bado hata moja.