Kadi Aliyochezea Bibi Martta

Kaapo alikutana na muuzaji Jumatano baada ya kazi, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta cha Hervanta, mjini Tampere. Theluji ilikuwa ikianguka. Muuzaji, kijana aitwaye Jere, alitoa kadi ya michoro ya kompyuta, kile kifaa kinachoonyesha picha za michezo, iliyoviringishwa ndani ya soksi ya sufu.

"Ya marehemu bibi yangu hii, bosi. Alikuwa anachezea karata tu, zile za mtu peke yake. Haijawahi hata kutoka jasho."

Kaapo alikuwa mwosha mabasi na alijua kwamba rahisi ni ghali. Lakini kadi yake ya zamani ilikuwa imeungua, na binti yake Helmi aliishi na mama yake huko Rovaniemi. Kila Jumamosi baba na mtoto walikutana ndani ya mchezo kupigana na mazimwi. Jumamosi iliyopita mtoto alingoja langoni mwa ngome mpaka usingizi ukamchukua. Kaapo akalipa.

Jumamosi alipoiwasha tu, bibi mmoja alibisha hodi, akavua viatu mlangoni na kukung'uta udongo wa makaburini kwenye koti.

"Mimi Martta, bibi yake Jere. Mwanangu, kompyuta sijapata kuigusa maishani. Hiyo kadi imechimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana bandani kwetu. Imetumikishwa kama punda."

"Mbona humkanyi mjukuu wako?"

"Namkanya kila siku. Ananiambia, 'Bibi, tulia, wewe umeshakufa.'"

Kaapo akamtengea kahawa na andazi la iliki. Kisha akaingia mchezoni na Helmi, lakini picha ilikatika katikati ya vita, na zimwi likammeza mtoto. Helmi akapiga simu akilia.

"Baba, umeniacha tena!"

"Si yeye, mjukuu wangu," Martta alidakia huku akitafuna. "Ni kadi."

Ilichoweza kuhimili kadi hiyo ni mchezo wa karata tu. Kwa kuwa Martta hakuwa na pa kuwahi, alijifunza, akanogewa, na kila jioni akawa habanduki kitini. Akishindwa, aliitukana kompyuta matusi ya kizamani.

Kaapo hakuwa na akiba. Akatangaza kuiuza: "Imetumiwa na bibi kizee, karata tu." Hapakuwa na neno la uongo, ila aliona haya, na kwa haya zake akabonyeza haraka kitufe cha kutuma. Mama mmoja akaja kuinunulia mwanawe. Martta akavaa koti.

"Afadhali safari hii sina cha kukanusha," alisema, akamfuata yule mama kwenye tramu.

Kwa fedha hizohizo Kaapo akapata kadi nyingine, ya bei ileile. Jumamosi ilipofika, Helmi alikuwa langoni, upanga mkononi.

"Baba, umepata kadi?"

"Nimepata."

"Ya nani?"

"Ya babu mmoja. Alikuwa anasomea magazeti tu."

Mlango ukagongwa. Mtu alisikika akikung'uta viatu.

"Kamfungulie," alisema Helmi, akaweka upanga chini na kuketi langoni kungoja.