Bokoboko Kabla ya Filimbi

Mazin alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu. Ukimuuliza mtu yeyote wa Mtaa wa Sikukuu, pale Kariakoo, angekwambia hivyo hivyo, halafu angeongeza swali ambalo Mazin mwenyewe alikuwa amelichoka: sasa huwa anacheza lini? Maana mshahara aliupata, jezi alikuwa nayo, na siku aliposaini mkataba Kisutu Stars walimpiga picha akicheka meno yote nje. Kilichokuwa bado ni kucheza. Tangu msimu uanze alikuwa akienda ukumbini na wenzake, anapasha misuli nao, anapiga makofi kuwashinda wote, na filimbi ya mwisho ikilia anarudi nyumbani na jezi haina hata tone la jasho. Mama yake, Bi Saadiya, aliifua vivyo hivyo na kuianika mbele, ipate kuonekana na majirani.

Baba yake, Mzee Hashil, aliuza nguo za watoto katika duka lililokuwa chini ya ghorofa walimoishi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ulimi. Alisema kama kazi yenyewe ni kukaa, basi dukani kwake kuna viti vizuri kuliko hilo benchi, na mtu akikaa dukani angalau anaona wateja. Mwishowe wakakubaliana, baba na mwana, mbele ya mama.

"Nikuone unacheza, hata mara moja," alisema Mzee Hashil. "Nikishaona, sitakusumbua tena. Lakini Idi ikifika sijaona kitu, unarudi dukani."

Mazin akakubali bila kufikiri, kwa kuwa Idi ilikuwa mbali. Ndivyo walivyo vijana, kitu kikiwa mbali wanadhani hakiji.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Mechi zilisogezwa mpaka saa mbili usiku ili wanaofunga wapate kufuturu, na Kisutu Stars karibu wote walikuwa wanafunga. Kocha Adamu alikuwa na amri moja ya mwezi huo, na aliirudia kila siku mpaka wachezaji wakawa wanaiigiza nyuma ya mgongo wake: tende na maji, basi. Chakula chenyewe kililetwa kwenye mahotipoti na kusubiri chumba cha kubadilishia nguo mpaka mechi iishe, kisha timu nzima ikakaa chini kwenye mkeka ikala kwa pamoja. Kila nyumba ilileta chake. Bi Saadiya alileta zaidi ya wote, na hakukosa kuweka bakuli la bokoboko, ngano na nyama zilizopondwa mpaka zikashikana, samli ikielea juu. Alikuwa na hakika kwamba mwanawe akila vizuri atachezeshwa. Mtu angemwelezaje kwamba makocha hawaangalii hilo?

Mwanzoni Mazin aliishika amri ya kocha kuliko hata wale waliokuwa wanacheza. Alikula tende zake, akanywa maji, akaingia ukumbini mwepesi kama unyoya, akakaa. Robo ya kwanza akakaa. Ya pili akakaa. Mchezeshaji wa timu, yule anayegawa mipira, alikuwa Sadalla, mtu asiyechoka na asiyeumia, na nyuma yake alikuwepo mwingine mzoefu ambaye kocha alimwamini. Mazin alikuwa wa tatu kwa nafasi hiyo, na wa tatu ndiye mbeba maji.

Kinachouma kwenye benchi si kutocheza peke yake. Kinachouma ni kujiandaa. Kila siku moyo unapashwa joto kisha unaachwa upoe wenyewe. Ukizoea kufanyiwa hivyo, unaanza kuacha kuupasha.

Ndivyo ilivyomkuta Mazin. Siku moja, wenzake wakinyoosha viungo, alitumwa chumbani kuchukua taulo, akafunua hotipoti na kutia sambusa moja mdomoni. Hakuna kilichotokea. Mechi iliyofuata akala tatu. Baadaye ikawa desturi, yeye na Paras, mchezaji mwingine wa akiba, kijana wa Kihindi wa mtaa wa pili ambaye hafungi ila anaipenda futari kuliko waliofunga. Paras alikula kaimati na viazi tu, kwa sababu kwao hawagusi nyama, kwa hiyo bokoboko lote lilimbakia Mazin. Alikula kwa hasira, na tuseme ukweli, alikula kwa kulipiza kisasi. Kama ni kukaa tu, basi akae ameshiba.

Usiku tunaouzungumzia, kumi la mwisho la Ramadhani lilikuwa limeshaanza. Kariakoo ilikuwa imefurika watu wanaotafuta nguo za sikukuu, na hakuna mwenye duka mwenye akili timamu anayeliacha duka lake saa hizo. Mazin alikula mapema na akala sana. Yule mchezeshaji wa pili alikuwa Tanga kwenye msiba wa shangazi yake, na Mazin alilijua hilo, lakini Sadalla alikuwepo, na Sadalla hatoki. Alipanguza samli midomoni kwa taulo, akaenda kukaa mahali pake.

Robo ya pili ilipoanza akainua macho jukwaani, akamwona baba yake.

Mzee Hashil alikuwa amekaa safu ya juu, kofia kichwani, mikono juu ya magoti yake mabovu. Duka alikuwa amewaachia vijana wa kazi katika usiku wa biashara kuliko usiku wowote wa mwaka. Hakupunga mkono. Alikuwa anatazama tu, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Mazin akageuka mbele. Tumbo lilikuwa zito, na kwa mara ya kwanza tangu asaini mkataba aliomba dua asiitwe.

Sadalla alipata faulo ya nne kabla ya mapumziko. Robo ya tatu haijafika kati akamkumbatia mtu aliyekuwa anakwenda kufunga, refa akapuliza, akaonyesha vidole vitano: faulo ya tano, ya kumtoa mtu. Sadalla akatoka akitikisa kichwa. Kocha Adamu akatazama benchi lake kutoka mwanzo mpaka mwisho, macho yakasimama kwa Mazin.

"Mazin, vua hiyo trakisuti. Zamu yako."

Paras alimtazama Mazin, kisha akatazama sakafu.

Sasa hapa ndipo panapotia uchungu, kwa sababu Mazin alikuwa anaujua mpira. Asingekuwa anaujua, hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Mpira wa kwanza alioushika aliudunda mara chache, akamwona mwenzake aliyejitenga upande wa kushoto, akampelekea pasi ambayo hakuna mwingine aliyeiona, mwenzake akafunga. Wa pili aliupokonya katikati ya uwanja, akakimbia nao peke yake, akautia kikapuni kwa mkono wa kushoto. Ukumbi ukalipuka. Jukwaani, Mzee Hashil alikuwa amesimama na kofia yake ameishika mkononi.

Ile mbio ndiyo iliyommaliza. Aliporudi kukaba, kichomi kilimshika chini ya mbavu kama amechomwa bisibisi. Bokoboko likapanda mpaka kooni na samli yake, akalimeza, likapanda tena. Jasho jembamba likamtoka. Mtu wake akampita akafunga. Akampita tena, akafunga. Kocha akamwita jina lake kwa sauti, akimwambia arudi, akimbie, amefanya nini? Mazin alishika magoti yake, akaona dunia nzima imebaki vitu viwili. Ama atatapika pale katikati ya uwanja, mbele ya baba yake, na kila mtu aone alichokula na lini alikula, ama atafute njia nyingine ya kutoka.

Mpira uliofuata aliurukia hewani bila sababu, akatua, akaanguka, akashika kifundo cha mguu wa kulia.

Walimwamini wote. Hilo ndilo lililokuwa baya. Wenzake walimzunguka wakimpa pole, wawili wakamnyanyua, na alipokuwa anatoka akichechemea watu walisimama kumpigia makofi, hata wa timu pinzani. Kocha Adamu, ambaye hana kawaida ya kumgusa mtu, alimshika bega. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole sana, dogo. Umesubiri wee, halafu mguu unakusaliti," alisema. "Jumamosi nilitaka uanze wewe."

Wakamfunga bandeji, wakamwekea barafu. Jumamosi akaambiwa apumzike, na Jumamosi iliyofuata pia, mpaka apone kabisa. Paras alikaa kando yake muda wote, na mechi ilipokwisha, wakiwa wamefungwa, alimbebea begi mpaka mlangoni. Angemcheka, Mazin angepata nafuu.

Mzee Hashil alichukua bajaji, akamkalisha mwanawe upande wa nje ili mguu upate nafasi. Njia nzima alisimulia ile pasi. Hajui mpira, lakini aliisimulia vizuri, akionyesha kwa mikono jinsi kijana wa upande wa kushoto alivyokuwa peke yake na hakuna aliyemwona isipokuwa Mazin. Alisema tangu leo hatasema lolote kuhusu duka. Amekwishaona. Mazin alitazama nje, akajibu ndiyo baba, ndiyo baba.

Walikaa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo lile ilishakufa siku nyingi. Mzee Hashil aliweka mkono wa mwanawe shingoni mwake wakaanza kupanda. Mtu wa magoti mabovu anambeba mtu mwenye miguu mizima, na kila ngazi anahema, na kila ngazi anasema polepole, mwanangu, usiukanyage. Mazin alijaribu kujifanya mwepesi, lakini akijifanya mwepesi mno angeonekana hana kitu, kwa hiyo ikabidi amlalie. Alilihisi bega la baba yake likitetemeka. Ghorofa ya kwanza alikusudia kusema. Ya pili alifungua mdomo kabisa. Aliona haya, na haya ikishaachiwa muda inakuwa nzito kuliko kosa lenyewe.

Ghorofa ya tatu walipumzika. Walipoanza tena kupanda, Mazin, akili ikiwa mbali, akauinua mguu wa kushoto na kusimamia ule wa kulia peke yake.

Mzee Hashil akasimama. Akautazama mguu uliofungwa bandeji, uliokuwa umebeba mwili mzima bila taabu. Kisha akatoka upande wa kulia, akazunguka, akampa bega upande wa kushoto, kama vile mguu mbovu ni huo mwingine.

Hapo Mazin ndipo alipovunjika. Alitaka kusema baba nisamehe, badala yake ikatoka mbweu, kubwa, yenye harufu ya ngano na nyama, ikajaa ngazini.

"Bokoboko?" aliuliza baba yake.

Mazin akaitikia kwa kichwa.

"Ulikula kabla?"

"Nilijua sitaitwa, baba."

Mzee Hashil alikaa kwenye ngazi, akaweka kofia juu ya goti. Mazin alisubiri ule ulimi. Aliutamani hata, angalau aadhibiwe na mtu mmoja kwa kile alichokifanya. Lakini mzee alisema chini chini, kwa sababu mlango wao ulikuwa pale juu, na nyuma ya mlango alikuwepo mtu.

"Ile pasi lakini uliipiga kweli," alisema. "Ile si ya uongo."

"Ndiyo, baba."

"Basi nisikilize. Kocha wako utamwambia ukweli, shauri lako na yeye. Ila mama yako asijue. Ni chakula chake. Akisikia ndicho kilichokutoa uwanjani, hatapika tena kwa raha maisha yake yote. Kwake uwe ni mguu."

Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akampa tena bega mwanawe, upande wa kulia kama mwanzo, wakamaliza ngazi.

Bi Saadiya alikuwa ameshapigiwa simu na jirani aliyekuwepo ukumbini. Alikuwa ametandika mkeka sebuleni, amepasha moto mafuta ya karafuu kwenye kibakuli. Hakuuliza mengi. Alimkalisha mwanawe, akafungua bandeji, akauweka mguu mapajani mwake na kuanza kuukanda kwa vidole gumba, kuanzia kisigino kwenda juu, kama alivyomkanda utotoni. Alisema hakuna neno, utapona, Mungu akipenda Jumamosi utacheza. Alisema kesho atatia samli zaidi, kwa sababu samli inalainisha viungo.

Mzee Hashil alisimama mlangoni kidogo. Kisha akasema anashuka kuangalia duka, akaenda.

"Hapa panauma?" aliuliza Bi Saadiya.

"Hapo," alisema Mazin.

Mama akabonyeza palepale, taratibu, akipuliza kwa mdomo ili maumivu yapungue. Machozi yakaanza kumtoka Mazin, mtu mzima na ndevu zake, hakuweza kuyazuia. Bi Saadiya alipoyaona alidhani ni maumivu, akampa pole, akachota mafuta mengine, akaendelea kukanda.