Rafu ya Kombe

Papa alianza kutengeneza rafu ya kombe kabla mimi sijajiandikisha kwenye mashindano. Aliipiga randa, akaipaka vanishi, akaipigilia kwenye ukuta wa karakana, juu kidogo ya meza yetu ya biyari, ile ya kupigia mipira tunduni kwa fimbo, mahali ambapo kila mteja anayekuja kuulizia kitanda lazima aione. Mteja akiuliza rafu ni ya nini, Papa alininyoshea kidole.

"Ya kombe ya mutoto wangu. Iko nakuja."

Nami, badala ya kuona haya, nilisimama wima kama mtu anayepigwa picha.

Mnielewe kidogo. Pale kwetu Kamembe sikuwa nimeshindwa na yeyote tangu nilipoweza kuifikia meza bila kupanda kiti. Meza yenyewe Papa aliinunua Bukavu, ikavushwa mpakani vipande vipande vichwani mwa wabebaji, na mguu mmoja ukapotea njiani. Hadi leo hatujui uliishia wapi. Papa ni seremala, na seremala hababaishwi na mguu. Alichonga mwingine kwa mkaratusi uliokuwa bado mbichi, akaupima kwa jicho. Nivo, kile kipande cha chuma chenye povu la hewa ambacho mafundi wenzake huweka juu ya kazi kuona kama imelala sawa, yeye alikidharau. "Jicho yangu haina povu," alisema. Milango yake inajulikana mjini kwa sababu ukiiacha wazi hujifunga yenyewe polepole, na wateja wengi wanaamini huo ni ufundi wa ziada.

Kwenye meza hiyo, mpira ukienda taratibu hupinda kuelekea ziwani, upande wa Kongo. Papa alitueleza kwamba mipira ilizaliwa Bukavu, na kila kiumbe hukumbuka kwao. Sisi watoto tulicheka. Ila wengine walipiga mpira ukapinda wakakosa, mimi nilipiga ukapinda ukaingia tunduni. Basi nikajitangazia kwamba mkono wangu una kipaji. Nilikipa hata jina: mkunjo wa Hakimu. Nilikuwa nikiwafundisha wenzangu namna ya kuzungusha kiganja, kushusha bega na kubana pumzi. Mdogo wangu Shadia, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko randa ya Papa, aliniuliza mbona hata akipiga yeye, huku anakula sambusa, mpira unapinda vilevile. Nikamjibu kwamba ameniiga bila kujijua.

Ndivyo nilivyokwenda kwenye mashindano ya vijana: nikiwa na fimbo yangu begani, Papa nyuma yangu na kofia yake ya Ijumaa, na Shadia nyuma yetu sote akisubiri kuona.

Mashindano yaliandaliwa na Madame Épiphanie, mwalimu wa hesabu wa kule Gihundwe, katika ukumbi mmoja wa kukodi hapa mjini. Kura ikanipangia msichana anayeitwa Isimbi. Familia yao ilirudi kutoka Bukavu miaka ya nyuma, ikakaa Gihundwe. Alikuwa mwembamba, amevaa miwani, na mama yake alimshikia sweta. Nilimhurumia. Nawaambia kweli, nilifikiria hata kumwachia mipira miwili mitatu ili asije akalia mbele ya mzazi wake.

Zamu yangu ilipofika nilishusha bega, nikabana pumzi, nikazungusha kiganja. Mpira ulikwenda sawasawa na nilivyoupiga, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona maishani mwangu. Haukupinda hata kidogo. Uligonga ukingo pembeni mwa tundu, ukarudi kunitazama.

Nikapiga tena, ikawa yale yale. Mara ya tatu nilizungusha kiganja kwa nguvu hadi mpira mweupe ukaruka mezani na kwenda kusimama kwenye viatu vya mama yake Isimbi. Wakati huo Isimbi alikuwa akiingiza mipira yake mmoja mmoja, kimyakimya, kama mtu anayepanga mayai kikapuni.

Mtu mwenye akili angejiuliza kuhusu mkono wake. Mimi nilimwendea Madame.

"Madame, hii meza yenu imepinda."

"Imepinda?"

"Mipira haiko naenda fasi yenye inapaswa kwenda."

Madame Épiphanie hakubishana. Alifungua mkoba wake, akatoa nivo, akailaza juu ya meza, kwa urefu, kisha kwa upana. Povu lilikaa katikati, limetulia.

"Iko sawa," alisema. "Endelea kucheza, mutoto."

Hapo Papa alisimama katikati ya watazamaji. "Hiyo nivo yenu ilikufa zamani," alisema kwa sauti ya mtu aliyetafiti. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi na Papa tulicheka pia, tukidhani wanamcheka Madame.

Isimbi aliingiza mpira mweusi, akaja kunipa mkono. "Ulicheza muzuri," alisema. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Basi mimi sikuwa mshindani. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitafuta pa kujificha, na kabla hatujafika nikawa nimepapata. Kama Isimbi atalichukua kombe, basi mimi sikushindwa na msichana wa miwani kutoka Gihundwe. Nitakuwa nimeshindwa na bingwa, na kosa litakuwa la kura, iliyokutanisha mapema mno watu wawili waliostahili kukutana fainali. Jina langu lote sasa lilikuwa mikononi mwa Isimbi, naye hakuwa na habari.

Nikawa shabiki wake. Nilifika ukumbini kabla yake, nikambebea maji, nikawakodolea macho wapinzani wake hadi mmoja akaomba nihamishwe kiti. Akiingiza mpira nilipiga kelele kuliko mama yake mzazi, na mama huyo alimwita Shadia pembeni amuulize nina nia gani na binti yake. Shadia akamjibu kwamba nia yangu ni mimi mwenyewe.

"Hakimu," Isimbi aliniambia siku moja, "juu ya nini uko napiga kelele hivi? Mi nashindwa hata kupiga."

"Niko nakusapoti."

"Basi nisapoti kimya."

Alishinda hata hivyo, raundi baada ya raundi. Kila jioni nilimwambia Papa, "Unaona ule mwenye alinishinda?" Papa aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Rafu ilibaki ukutani, tupu, inapata vumbi, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Fainali ilikuwa Jumapili, Isimbi dhidi ya Gad, mvulana mrefu mpole wa Butare ambaye wazazi wake ni wakulima. Mipira ndiyo kwanza ilikuwa inapangwa pale mlango ulipofunguliwa wakaingia watu na maua, spika na mapazia meupe. Ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa harusi, na wenye harusi walitaka kupamba. Madame alijaribu kuwasihi. Shangazi wa bibi harusi akaweka shada la maua katikati ya meza ya biyari, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Kuko meza kwangu," Papa alisema, tayari amesimama. "Meza ya kweli."

Tuliondoka wote kwa miguu kuelekea karakana, wachezaji, wazazi na watazamaji, na Madame amekumbatia kombe. Mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa sichezi, lakini nilitangulia mbele ya msafara kama mwenye siku yake. Hatimaye dunia ingeona meza inavyotakiwa kuwa. Nilimnong'oneza Isimbi, "Sasa utaona meza yenye inanyooka." Nyumbani, Mama alibandika chai na kuagiza sambusa. Papa alifuta meza kwa mkono wake mwenyewe. Wateja wake wengi walikuwa wameingia kuangalia.

Isimbi akapiga. Mpira ulikwenda vizuri, kisha ukakumbuka kwao, ukapinda na kukosa tundu. Watu wakaguna. Gad akapiga, ukapinda. Isimbi akavua miwani, akaifuta, akapiga tena, ukapinda. Gad alichuchumaa akaitazama meza kwa usawa wa macho, kama mtu anayekagua shamba la mteremko, akasema taratibu, "Hii iko naenda Kongo."

Madame Épiphanie akafungua mkoba.

Nilipoiona nivo ikilazwa juu ya kitambaa cha kijani, nilikuwa bado natabasamu. Povu lilikimbia hadi mwisho wa kioo, upande wa mjini, likaigeuzia Kongo mgongo na kukaa huko. Madame akaigeuza nivo, akairudisha. Povu likarudi pale pale.

Ndipo nikaelewa, na kila mtu aliyekuwamo aliweza kuniona nikielewa. Mkaratusi ulikauka ukapungua. Kiganja, bega, pumzi, masomo niliyowapa wenzangu, yote yalikuwa bure. Kipaji changu chote kilikuwa mguu mfupi wa meza.

"Hii mguu," Madame aliuliza, bila ubaya wowote, "nani aliitengeneza?"

Papa alikuwa amesimama chini ya rafu yake, na nikaona macho yake yakienda kwenye meza, kisha kwa wateja, kisha kwenye mlango wa karakana, ambao ulikuwa unajifunga wenyewe polepole. Sikuwa nimewahi kumwona Papa anaogopa. Nilimpenda sana wakati ule, na mdomo wangu, ambao siku zote hunitangulia, ukanitangulia tena.

"Ni miye," nilisema. "Nilikata mguu na musumeno, juu mipira ifwate mukono yangu. Papa hajue."

Wenzangu, wale niliowafundisha mkunjo, walianza kuzomea. Isimbi alinitazama kupitia miwani yake kwa namna ambayo iliniuma kuliko kushindwa kwenyewe. Nikawaza: basi, sasa mimi si bingwa, wala sikushindwa na bingwa, mimi ni mwizi wa mezani, na bado ni Jumapili tu, kesho shule.

Papa alivua kofia.

"Mutoto eko nadanganya," alisema. "Huyu hajawahi kushika musumeno yangu bila kujikata. Mguu ni yangu. Niliipima na macho." Akanyosha mkono. "Madame, uniazime hiyo nivo."

Karakana ya seremala haikosi vipande vya mbao. Vimejaa sakafuni hadi tunajikwaa. Papa hakuinamia hata kimoja. Alikwenda ukutani, akaing'oa rafu ya kombe, akaikata kipande kwa msumeno, akakiingiza chini ya mguu wa mkaratusi. Akatazama povu. Akakitoa, akakipiga randa kidogo, akakirudisha, akatazama tena. Hakuna aliyewahi kumwona Papa akipima kitu mara mbili. Alirudia mpaka povu likaja likasimama katikati. Alipopita karibu yangu aliniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye unga wa mbao, akaniambia kwa chini, "Asante. Lakini usirudie." Machozi yalinitoka mbele za watu, na sikuwa hata na lile shada la harusi la kujifichia.

Isimbi alishinda. Mpira wake mweusi ulinyooka hadi tunduni kwenye meza yetu wenyewe. Kwa hiyo ni rasmi: nilishindwa na bingwa. Nimejaribu kuwakumbusha watu hilo, lakini kila nikianza wao wanataka kuhadithiwa habari ya povu. Kombe lilipanda pikipiki kwenda Gihundwe mapajani mwa mama yake Isimbi.

Papa alinunua nivo yake. Alizunguka kwa wateja kutaka kuwarekebishia milango, wakamkatalia. Wameshaizoea, na mlango unaojifunga wenyewe huzuia mbuzi. Alirudi amekasirika, akaanza kuziba matundu ya misumari kwenye ukuta, pale rafu ilipokuwa.

"Tucheze," Shadia aliniambia, tayari ana fimbo mkononi.

Alinishinda. Sisemi kwa mipira mingapi. Mwishoni nilibakiwa na pigo moja, rahisi, mpira na tundu vikitazamana. Sikushusha bega wala kubana pumzi. Mpira ulikwenda sawasawa na nilivyoupiga, yaani vibaya.

"Rudia," Papa alisema, bila kugeuka kutoka ukutani.